Nusu Ua Kwenye Kona: Maneno Niliyosema Uwanja wa Ngome, Lamu

Assalamu alaykum wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliopanda ukutani. Shukeni kidogo, ukuta huo una umri mkubwa kuliko sisi sote.

Nimeitwa niseme juu ya jambo ambalo baadhi yenu mtaliona la kitoto: je, waongozaji wa filamu za masupahiro wana mkono wao, yaani namna yao ya kazi inayotambulika, au wote ni vibarua wa kiwanda kimoja? Aliyenitia kwenye maneno haya ni kijana anayenibebea taa harusini. Tulibishana naye ndani ya boti tukitoka Mokowe. Yeye anasema filamu hizo zote ni moja: mtu anapaa, jengo linaporomoka, mbingu zinapasuka, kwisha. Nikamwambia nusu ya maneno yako ni kweli. Akataka nusu ya pili. Boti ikafunga gati, punda wakatuziba njia na mifuko ya saruji, mazungumzo yakafia hapo. Basi nusu ya pili ndiyo hii, na kwa kuwa yuko hapa anafunga projekta, safari hii hana pa kukimbilia.

Kwa wasionijua, mimi ni mpiga video wa harusi, upande wa wanawake. Kwetu, siku ya kutia hina na siku ya kupamba, mwanamume mwenye kamera haingii. Kazi ikaniangukia mimi. Sijasomea filamu chuoni. Nilichosomea ni karakana ya ami yangu.

Ami alikuwa fundi wa nakshi. Ukimwuliza mlango fulani kauchonga nani, hakuwa akitazama maua. Maua ni ya wote, alikuwa akisema, kila fundi anayo. Alikuwa akipiga magoti, na miwani yake iliyofungwa uzi, akitazama pembe ya chini ya fremu, pale pindo la mnyororo linapokata kona. Kule juu fundi amejitayarisha, anajua utamtazama. Kule chini amechoka, na nafasi imemwishia. Hapo ndipo anapojitokeza mwenyewe. Ami hakuwa akipima pindo kabla ya kuanza. Alianza juu akashuka nalo, na akifika chini hubakiwa na nafasi ya nusu ua. Basi alichonga nusu ua. Milango yake yote ninayoijua ina nusu ua kwenye kona ya chini, mkono wa kushoto. Watalii wanapiga picha mlango mzima, nusu ua hawalioni.

Sasa, kwenye filamu hizi, vita vya mwisho ndiyo maua. Kila mmoja anavyo. Ukitaka kujua mlango ni wa nani, piga magoti.

Nilikuwa msichana nilipoiona filamu ya pili ya Spider-Man, ile ya mwaka 2004 aliyoiongoza Sam Raimi. DVD ya kudurufu, televisheni ya sebuleni, saa sita usiku, na bibi yangu amelala chumba cha pili na usingizi wake mwepesi kama wa paka. Kwa hivyo nikaitazama bila sauti. Sikujua kwamba bibi alikuwa ananipa somo.

Kuna mahali yule daktari mwenye mikono minne ya chuma amelazwa hospitali, madaktari wanataka kumkata ile mikono mgongoni. Mmoja ameshika msumeno. Mikono ya chuma inaamka kabla ya mwenyewe kuamka. Hapo filamu ya watoto inageuka kitu kingine kabisa. Unaona kivuli ukutani, humwoni mtu. Unaona mwuguzi anaburutwa sakafuni, na kamera iko chini pamoja naye, na kucha zake zinaacha mistari. Nilizima televisheni. Nikakaa gizani nikahesabu mpaka mia, halafu nikaiwasha tena.

Miaka mingi baadaye ndipo nikajua kwamba Raimi alianza na filamu ya kutisha ya pesa kidogo, The Evil Dead, ya mwaka 1981. Hakuwa na reli za kamera wala mashine. Walifunga kamera katikati ya ubao, watu wawili wakashika ncha huku na huku, wakakimbia nao msituni, kamera inapita juu ya magogo kama shetani anayetafuta mtu. Ukiijua ile, ile ya hospitali unaitambua bila kuambiwa. Mtu huyu kapewa mamilioni na bado anakimbia na ubao wake.

Wapenzi wake watawaambia pia kuhusu gari, Oldsmobile la mwaka 1973 la rangi ya manjano, ambalo hulipachika kwenye filamu zake. Kwenye Spider-Man ndilo gari la Ben, ami yake huyo shujaa. Hiyo ni sahihi, kama fundi kuandika jina nyuma ya kiti. Inafurahisha, lakini naweza kuiga sahihi yako kesho asubuhi. Namna yako ya kukata kona siwezi.

Najua kuna mwalimu mmoja hapa, namwona ameshainua kidole, anayetaka kusema: lakini hadithi si zao! Superman yuko tangu 1938, Batman tangu 1939, Spider-Man tangu 1962. Nguo zilishashonwa, adui alishapewa jina, mwisho unajulikana. Mtu atakuwaje na mkono kwenye kazi ya kuagizwa?

Mwalimu, nakujibu kwa mtu wa mji huu huu. Muhamadi Kijuma alikuwa mshairi, na alichonga milango, na aliandika kwa kalamu kama hakuna mwingine. Sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kunakili tenzi zilizotungwa na wengine, na nyingi aliagizwa na Wazungu, akina William Hichens, wakamlipa, na karatasi hizo ziko London mpaka leo. Maneno si yake. Agizo si lake. Lakini wanaoujua mwandiko wake wakiwekewa karatasi isiyo na jina husema hii ni ya Kijuma. Kwa hivyo kuagizwa si hoja. Ami naye hakuwahi kujichongea mlango hata mmoja. Nyumbani kwake palikuwa na mlango wa mabati.

Swali gumu zaidi ni hili: unachokiona ni mkono wa mwongozaji, au wa mtu mwingine aliyesimama nyuma yake? Tazama Batman ya Tim Burton, 1989. Mji ule wa Gotham, majengo yaliyorundikana kama yanataka kulalia watu, mabomba, moshi, kila mtu anaukumbuka. Aliyeusanifu ni Anton Furst, na akapata Oscar kwa kazi ile. Basi mtu anaweza kusema mkono ni wa Furst. Mimi mwenyewe niliwahi kusema hivyo. Lakini filamu ya pili, 1992, msanifu alikuwa Bo Welch, mtu mwingine kabisa, na bado ukiingia unajua uko kwa nani: mistari iliyopinda, theluji, watu weupe kama mshumaa, nyumba za wanasesere zilizokuzwa. Burton alianza kazi kama mchoraji wa katuni kule Disney, na watu wake wote wanaonekana wamechorwa kwanza ndipo wakazaliwa. Msanifu kabadilika, mkono umebaki. Huo ndio ushahidi ninaoutaka mimi: badilisha kitu kimoja, uone kinachobaki.

Na kwa bahati, katika filamu hizi umewahi kufanyika mtihani ambao hata chuoni hawawezi kuupanga. Filamu ya Justice League aliianza Zack Snyder. Msiba wa binti yake ukamtoa kazini kabla haijakamilika, akaletwa Joss Whedon kuimaliza. Ikatoka 2017, dakika 120. Mwaka 2021 Snyder akapewa nafasi ya kutoa yake: dakika 242. Waigizaji wale wale, adui yule yule, hata sehemu nyingi picha ni zile zile. Nilizitazama zote mbili kwa siku mbili, mume wangu akaniuliza kama naumwa.

Ile ya kwanza, vita vya mwisho vinapiganwa chini ya anga nyekundu kama kutu. Ya pili, vita vile vile ni usiku, giza la buluu. Ya kwanza ni pana kama kawaida ya sinema. Ya pili Snyder aliirefusha kwenda juu, fremu yake inakaribia mraba kama televisheni za zamani, ili mtu aliyesimama ajae kutoka utosi mpaka unyayo. Whedon alikulia kwenye televisheni: uso wa huyu, uso wa yule, mzaha, twende. Kwa Snyder hakuna mtu anayefungua mlango tu. Mlango unafunguliwa kama wanatoa jeneza la mfalme. Ana ufundi wake anaoujua kila mtoto hapa: kamera inapiga picha nyingi sana kwa sekunde, halafu kwenye kuhariri anapunguza mwendo katikati ya pigo na kuuachia tena, ngumi inasimama hewani kama ukurasa wa kitabu cha katuni, halafu inatua. Mimi filamu yake ya saa nne ilinichosha, niseme ukweli, na kuna mahali nilikwenda kukaanga samaki nikarudi bado mtu yule yule anatembea. Lakini hakuna atakayeniambia mtu yule hana mkono.

Na pembe ya chini ya mlango? Iko. Wakati Whedon anapiga picha za kuongezea, aliyekuwa Superman, Henry Cavill, alishafuga masharubu kwa ajili ya filamu nyingine na hakuruhusiwa kuyanyoa. Yakafutwa kwa kompyuta. Mdomo wake wa juu ukatoka kama umeumwa na nyuki. Filamu ya mamia ya mamilioni ya dola, na macho ya dunia nzima yakaenda kwenye mdomo wa mtu. Ami angecheka.

Sasa nirudi kwenye nusu ya kijana wangu, ile iliyo kweli, kwa sababu sitaki aondoke hapa amenuna.

Kuna kundi moja la watu wa nje walikuja Lamu kupiga filamu, siwataji. Walinichukua nusu siku nishike kamera ya pili kule ufukweni. Asubuhi nikapewa karatasi zenye vijisanduku vilivyochorwa: kila kisanduku shoti moja, yaani kipande kimoja cha picha, lenzi namba fulani, kimo cha kamera, punda aingie kulia atoke kushoto. Chini wameshabandika alama ya msalaba kwa utepe, kamera ikae hapo. Mimi jua la asubuhi la pale nalijua. Nikaona kwamba ukisogea hatua sita nyuma ya mashua iliyofungwa, tanga linakinga mwanga mkali na maji yanawaka chini ya tumbo la punda. Nikasogea. Redio ikalia: rudi kwenye msalaba. Nikarudi. Shoti yangu imo, sekunde nne. Nimeitazama mara nyingi na sijioni ndani yake. Pesa nililipwa, sina dai.

Sasa kuzeni jambo hilo. Filamu kubwa za masupahiro hupangwa hivi: miezi kabla ya kamera kuwashwa, vita vyote huchezwa kwanza ndani ya kompyuta, kwa vinyago visivyo na sura, kamera inapita wapi, gari linaruka lini. Kisha kuna kikosi cha pili chenye mwongozaji wake, kinachopiga mapigano na mbio wakati mwongozaji mkuu yuko kwingine na wale wanaozungumza. Kisha picha zinakwenda kwa mafundi wa kompyuta, mamia, katika nchi mbalimbali, na kila mmoja ana kipande chake. Mwongozaji wa Argentina, Lucrecia Martel, alieleza mwaka 2018 kwamba alipoitwa na watu wa Marvel, studio ya filamu hizi, kuzungumza juu ya filamu ya Black Widow, walimwambia asijisumbue na mapigano, hayo wao watayashughulikia. Mwanamke ambaye kila kitu chake ni namna ya kuangalia, anaambiwa usiangalie. Kazi hiyo hakuifanya yeye.

Kwa hivyo ukiona vita vya mwisho vya filamu kumi vinafanana, si kwamba waongozaji kumi hawana macho. Huenda wale kumi hawakuwapo pale. Wapo wanaokataa. Christopher Nolan alitaka apige mwenyewe, na kwenye The Dark Knight, 2008, alipinduapindua mambo kweli kweli: lile lori refu lilipinduliwa mtaani Chicago, lori la kweli, usiku wa kweli, na kiasi cha dakika 28 zilipigwa kwa kamera za IMAX, zile za picha kubwa mno, nzito kama gunia la mkaa, moja ikavunjika kazini. Ndiyo maana lori lile likianguka unalisikia kifuani. Lakini si kila mmoja anapewa ruhusa ya kuvunja kamera kama ile.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Black Panther, 2018, ya Ryan Coogler, na si kwa sababu binti yetu Lupita yumo, ingawa na hilo lipo. Ndani ya filamu ile moja unaona mkono ukiwapo na mkono ukipotea. Kuna pale Busan, Korea Kusini, ndani ya nyumba ya kamari. Watatu wanaingia: mmoja amevaa nyekundu, mmoja kijani, mmoja nyeusi. Vita vinaanza na kamera haikatwi, au imefichwa vizuri isionekane imekatwa: iko na huyu, inaruka ghorofani na yule, inashuka tena. Miaka mitatu nyuma Coogler alipiga filamu ya ndondi, Creed, na humo kuna pambano zima ndani ya ulingo bila kukata. Mpiga picha wa Creed alikuwa Maryse Alberti, wa Black Panther alikuwa Rachel Morrison. Wapiga picha wawili, wazo moja: mtu akipigana, kaa naye, usimkimbie. Huo ni mkono wa Coogler.

Halafu nenda mwisho wa filamu, kule chini kwenye njia ya treni. Mashujaa wawili, nguo nyeusi mbili, kompyuta tupu, miili haina uzito, inaelea kama mifuko ya nailoni. Coogler yuko wapi? Inanichukua muda kumpata. Anarudi baadaye, wakati mmoja anakaribia kufa na wametoka nje kutazama jua linazama, wanaongea pole pole. Hapo amerudi.

Jua linalozama linanikumbusha mwongozaji Chloé Zhao na filamu yake Eternals ya 2021. Filamu yenyewe mimi haikunishika, watu ni wengi kama arusi isiyo na kadi. Lakini sikilizeni hili, wapiga picha. Aliyeshika kamera ni Ben Davis, na huyo alishawapigia Marvel filamu kadhaa kabla ya hapo, Guardians of the Galaxy ya 2014 ikiwamo. Mtu yule yule, studio ile ile. Ila kwa Zhao wanatoka nje kabisa, visiwa vya Canary, jua la chini, upepo wa kweli unapiga nywele, watu wadogo na nchi kubwa. Hiyo haitoki kwa mpiga picha, imetoka kwa aliyesema: tusubiri jua.

Waongozaji ndugu wawili, Anthony na Joe Russo, nitawapita haraka. Wanajua kupanga hadithi ya watu ishirini bila kumpoteza mmoja, na hilo si dogo. Lakini ile vita yao ya uwanja wa ndege kwenye Captain America: Civil War ya 2016, zege la kijivu, mbingu ya kijivu, siku ya kijivu, ukiniwekea picha moja bila mashujaa nitadhani ni maegesho ya magari.

Kijana mmoja kaniletea swali kwenye karatasi: "Dada, je, mkono ni rangi? Ninunue zile rangi za tayari za simu?" Mwanangu, si rangi. Joel Schumacher alimwaga taa za kila rangi kwenye Batman zake za 1995 na 1997, watu wakamcheka, na bado alikuwa na mkono kuliko wengi waliochekwa kidogo. Rangi ni mwisho wa kazi. Mkono unaanza pale unapoamua usimame wapi. Wewe unapiga harusi Mkomani, kichochoro kina upana wa punda mmoja na mzigo wake, ukuta huku, ukuta huku, huwezi kurudi nyuma, bibi harusi anakuja. Wengine hupanda ngazi za nyumba ya watu wapige kutoka juu. Mimi hukaa kitako kwenye daka, kibaraza cha mlangoni, la nyumba ya tatu, kamera kwenye goti, na bibi harusi anapita karibu mpaka buibui la mama yake linagusa lenzi. Wateja wengine hulalamika kwamba haonekani mzima. Wengine wanaiomba hiyo hiyo. Sikuichagua kwa kufikiri. Siku ya kwanza nilikuwa mjamzito, miguu imevimba, nikakaa. Mpaka leo nakaa.

Sasa basi. Tumeandaa vipande sita, dakika mbili mbili, bila sauti na bila majina. Mniambie kila kimoja ni cha nani, na kama hamumwoni mtu, mseme hamumwoni. Kijana wangu ataandika majibu, na akishindwa atabeba taa zote mbili peke yake mpaka Ijumaa. Zimeni ile taa ya mlango wa Ngome. Na wewe uliyekaa karibu na ukuta, sogea mwanangu, kichwa chako kimeingia kwenye filamu.